Mke Wangu Alinikalia Eda Nikiwa Hai

Kama uko kwenye baraza ya hospitali sasa hivi, na daktari amekwambia mwili wako umekwisha lakini kichwa bado kizima, na kwamba upo mwili mwingine wa kukuhamishia, ninayo machache ya kukwambia. La kwanza ndilo lililonitesa kuliko kisu: waeleze watu wako mwenyewe, kwa kinywa chako, kabla hujalazwa mezani. Usimwachie daktari. Usimwachie dresa wake wa kufunga vidonda. Mimi sikusema, nikazikwa.

Jina langu ni Buya. Ni Mpokomo, mkulima wa juu ya mto, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka Garsen. Wanaonijua watakwambia nilikuwa mtu wa hasira tangu ujana. Hasira nayo ilihama pamoja nami, haikubaki kwenye mwili wa zamani.

Maji ya masika yalikuwa yameanza kupungua na udongo wa ukingoni bado mweusi na laini. Wakati kama huo mtu wa kwetu hakai nyumbani, maana usipopanda mpunga wiki ile umekosa mwaka mzima. Nilishuka mtoni kunawa matope. Maji hayakunipita magoti. Mamba hakunipa hata nafasi ya kusema bismillahi. Alinishika miguu yote miwili kwa mara moja, akaniangusha, akajiviringisha nami chini ya maji. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Nilimtia vidole machoni, nikachimba, naye akazidi kubana.

Mdogo wangu Komora alikuwa shamba la pili. Alikuja na chusa akamchoma chini ya bega mara tatu, mara nne, mpaka mto ukawa mwekundu na hujui damu ipi ni ya nani. Mguu wa kushoto mamba aliondoka nao. Wa kulia ulikuwa unaning'inia kwa ngozi, na Komora akaukata hapo hapo kwa panga, huku analia na kunitukana ninyamaze. Nasema haya mapema ili ujue kwamba mtu niliyekuja kumuumiza baadaye ndiye aliyenitoa mdomoni mwa mamba.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa nyumba tatu za mabati nje ya Garsen, na baraza ndefu yenye benchi moja. Kwenye baraza ile nilikaa mpaka nikajua kila msumari. Kidonda kilioza. Kila Jumatatu walinilaza mezani wakakata kipande, na kila Alhamisi uozo ulikuwa umeshapanda tena. Mara ya kwanza walikata kwa msumeno chini ya paja, mara ya pili katikati, mara ya tatu karibu na nyonga. Dawa ya usingizi ilikuwa haba, kwa hiyo mara ya tatu nilikuwa macho. Niliuma mkanda wa ngozi mpaka nikapasua jino.

Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Bangale, Msomali, mgonjwa wa tumbo. Siku ya kwanza aliniambia, "Ndugu, wewe unanuka. Kaa upande ule, upepo usilete huku." Nilimtukana. Siku ya pili alinimiminia chai katika kikombe chake mwenyewe, akanishikilia ninywe. Mpaka leo nikiombea watu, yule namtaja ingawa jina lake silijui.

Uozo ulipofika kiunoni, daktari akaja na dresa wake Jillo, kijana wa Kiorma aliyekuwa akitafsiri. Daktari alikuwa Mzungu mkondefu ambaye zamani alikuwa akitengeneza miguu ya bandia ya askari waliorudi vitani, na katika nyumba ya tatu ya mabati alikuwa ametengeneza zaidi ya miguu.

"Anasema mwili hii imekufa," Jillo akaniambia. "Siku mbili, tatu, basi. Lakini kichwa yako iko mzima. Yeye natoa ile ya ndani, naweka mwili mpya. Ya chuma. Wewe natembea."

"Nitakuwa mimi?"

Jillo akamuuliza daktari. "Anasema atajua wewe ukiamka," Jillo akajibu.

Nilitia dole gumba kwenye karatasi ya kukubali. Komora, aliyenileta pale, naye akatia, kama shahidi, lakini alikuwa amekaa mbali na harufu yangu na hakusikia zaidi ya kwamba nakwenda kukatwa tena. Nilidhani nitamweleza asubuhi. Asubuhi walinichukua kabla hajaamka.

Namna walivyofanya siijui na sitajifanya naijua. Ninachojua nimekisikia kwa Komora mwenyewe. Jioni ile mfagizi wa hospitali, ambaye hakuambiwa lolote, alitoa mwili wangu umefungwa shuka, akamwambia, "Mzee, pole. Mchukue mtu wako." Na Komora akamchukua mtu wake. Nani angefanya vingine? Kwetu maiti hailazwi kungoja maswali. Palikuwa na lori la duka linapanda upande wa Hola, akapakia, na kesho yake kabla ya adhuhuri walikuwa wameshachimba kaburi. Mke wangu Habiba aliwakataza wanaume wasiniguse. Aliniosha mwenyewe, akaona kile kichwa kilichoshonwa kuzunguka kama mpira, akakiosha pia. Wakanisalia, wakanifukia, Mwalimu Athumani wa msikiti wetu akanisomea talkini kaburini. Habiba akavua bangili akaingia ndani kukaa eda, miezi minne na siku kumi.

Wakati wananitia udongo, mimi nilikuwa Garsen napigana.

Nilizinduka sina pumzi. Jambo hili hakuna aliyenionya nalo, kwa hiyo nakuonya wewe. Utazinduka na utataka kuvuta hewa, na hakuna kifua cha kuvuta. Utaona unazama. Mimi nilijua niko chini ya maji na mamba yuko juu yangu, nikapiga. Nilivunja kitanda. Nilivunja dirisha pamoja na ukuta wake. Jillo alikuja kunishika mkono akisema jina langu, nikakishika kiganja chake nikasikia vidole viwili vinakatika. Alipiga yowe moja tu. Halafu, kwa sauti ya chini, akaniambia, "Wewe Buya. Mimi rafiki. Usivunje mimi."

Nikamwachia. Hapo ndipo nilipojua nimeamka.

Wiki saba nilijifunza kushika. Walinipa kwanza mawe, kisha magunzi, kisha mayai. Nilivunja mayai ya kutosha kulisha Garsen. Mwili ulikuwa wa chuma na mpira, mzito kuliko wanaume wawili, na sauti yangu ilitoka kifuani kama redio ya dukani betri zikikaribia kwisha. Mgongoni nilikuwa na betri, na pembeni mpini mrefu wa kuvuta chini na springi ya kuurudisha juu. Kila asubuhi, saa nzima, lazima mpini ule upigwe ili betri zijae, na wakati unapigwa mikono na miguu yangu hulala. Kwa hiyo siwezi kujipigia. Lazima awepo mtu. Asipokuwepo kwa siku mbili nazimika, na daktari alisema kilichozimika hakiwashwi tena.

Jillo alinipigia mpini kwa mkono wake mzima wiki zote saba. Sikuwahi kumwomba radhi vya kutosha.

Sikuambiwa kwamba nimezikwa. Daktari alidhani watu wangu wanangoja. Tulipoondoka, mimi na Jillo, nilikuwa nimejaa furaha. Kwenye kivuko askari alitaka kipande changu. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari na huwezi kwenda popote bila karatasi. Akalinganisha alama za vidole kwenye karatasi na vidole vyangu vya mpira, laini kama kiazi kilichomenywa, akanipiga kitako cha bunduki usoni. Sikusikia kitu. Kitako ndicho kilichopasuka. Alitupisha.

Tulifika kijijini asubuhi ya siku ya tatu. Wanawake waliokuwa wanatwanga waliacha vinu wakakimbia. Nikaita, "Komora! Ni mimi, Buya!" na nadhani ndilo kosa nililolifanya, kutaja jina la mtu aliyezikwa, kwa sauti isiyo ya mtu.

Komora alitoka na shoka. Hakuuliza. La kwanza lilinipata begani likakwama kwenye chuma, akaling'oa. La pili lilinipata shingoni. Wengine walikuja na mikuki na chusa, wakanichoma mapajani, kifuani, tumboni, na mikuki ikapinda. Jillo alipigwa rungu akaanguka. Mimi naeleza, na kadiri ninavyoeleza ndivyo wanavyozidi kupiga. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakasirika. Siku zote hizo za msumeno na benchi na kuvunja mayai zilinijia kwa pamoja. Shoka liliposhuka mara ya tatu niliudaka mkono ulioshika mpini wake, nikaubana kwa nguvu zote za mwili ule.

Mkono wa kulia wa Komora ulitoka kwenye kiganja changu ukiwa si mkono tena. Mifupa ilikuwa imetoka nje ya ngozi. Ndio mkono ulioshika chusa siku ya mamba.

Nilisimama nikiutazama. Wakati huo mlango wa nyumba yangu ukafunguka, na Habiba akatoka, nguo za eda, kichwa hakikusukwa, mchi mikononi. Alinipiga usoni. Sikunyanyua mkono. Alinipiga kifuani, magotini, kichwani, mpaka nikapiga magoti, mpaka mchi ukavunjika, akaendelea na kipande. Alikuwa analia kwa hasira.

"Nimemwosha mume wangu!" alisema. "Kwa mikono hii nimemwosha! Wewe nani? Nani amekutuma na jina lake?"

Nikamwambia jambo la kwanza lililonijia, na halikuwa jambo la busara. "Habiba, mpunga wa ukingoni umepandwa? Maana nimepita, nimeona nyasi."

Akashusha kipande cha mchi. Alinitazama muda mrefu. Kisha akarudi ndani akafunga mlango, na wanaume wakabaki hawajui wanipige au wasinipige.

Kesi ilipelekwa kwa wazee wa gasa, wanaoamua mambo ya kijiji, na Mwalimu Athumani akaketi nao. Jillo, kichwa kimefungwa kitambaa, alieleza yote. Komora alikaa upande wa pili, mkono umefungwa majani na vitambaa, uso umejaa jasho. Vidole vitatu vilishakatwa.

Wazee walibishana kutwa. Mwisho mkubwa wao akasema, "Huyu kama ni Buya au si Buya hatujui. Komora amempiga shoka bila kumsikiliza. Yeye amemvunja Komora mkono. Hakuna wa kumlipa mwenzake. Akae kijijini, na Komora atampigia huo mpini kila siku mpaka eda iishe. Hapo tutajua ni mume wa mtu au ni mgeni."

"Mimi?" Komora akasema. "Nimpigie mimi?"

"Wewe ulimzika. Kama ulimzika mzima, una deni la kumweka mzima."

Mwalimu Athumani akaniambia, "Sikiliza. Mwanamke yule yuko kwenye eda. Kama wewe si mumewe, huna ruhusa ya kukaa naye. Kama u mumewe, eda haipo. Mimi siwezi kukata kauli kwa jambo ambalo vitabu vyangu havina. Mwache amalize. Usimsumbue." Nikamuuliza kama naweza kusali. Akajibu, "Ukijua saa ya sala imefika, sali." Tangu siku ile nikawa natayamamu kwa mchanga badala ya maji, kwa kuogopa kutu, na neno lake lile lilinituliza kuliko dawa yoyote.

Jillo akarudi Garsen. Mimi nikawekwa jikoni, kibanda kilichogusana na nyumba yangu mwenyewe. Kati yangu na Habiba ulikuwa ukuta wa udongo.

Wiki nane. Kila asubuhi Komora alikuja, akashika mpini kwa mkono wa kushoto, akapiga. Hakunisalimu. Nililala hapo mikono na miguu imekufa, na mtu niliyemkata vidole amesimama juu yangu, na shoka liko nje ya mlango. Hakuna hofu kama ile. Siku nyingine aliacha kupiga katikati, akanitazama tu, halafu akaendelea. Siku moja alinitemea mate. Mimi nami, mpumbavu, nilimgombeza kuhusu shamba.

"Maji yamepungua, mbona hujapanda hata upande wa miwa? Ndege watakula nini, majani?"

"Nipande kwa mkono gani?"

Siku tatu sikugusia shamba. Kisha nikamwomba radhi, na akapiga mpini kwa nguvu kana kwamba hakusikia.

Upande wa pili wa ukuta alikuwa Habiba. Nilisikia akisuka mkeka, akikohoa, akisali. Mara moja, nilipokuwa namgombeza Komora juu ya mbegu, nilisikia mkeka unasimama kusukwa. Basi.

Zikiwa zimebaki siku kumi na tisa, mkono wa Komora ulianza kuoza. Niliijua harufu ile bila pua. Niliiona kwenye uso wake. Nikamwambia, "Nenda Garsen leo. Usingoje kama nilivyongoja mimi."

"Na wewe?"

"Nenda."

Asubuhi iliyofuata hakuja. Nilijua amekwenda, na nilifurahi, na niliogopa kama mtoto. Hapakuwa na mwingine ambaye angenikaribia. Siku ya kwanza niliita watu kwa majina. Nilisikia nyayo zao zinageuka. Siku ya pili miguu ikazima, kisha mikono, kisha jicho la kushoto. Sauti yangu ikawa mluzi. Nikaacha kuita. Nilijaribu kusoma shahada na sikuweza kuifikisha mwisho.

Ndipo ukuta ukaanza kupigwa.

Alikuwa anauchimba kwa kile kipande cha mchi. Udongo ulianguka usoni mwangu. Tundu likatokea, dogo, la kupita ngumi. Hakuchungulia. Ulipita ufito wenye kitanzi cha kamba ya mkoma mbele yake, ukapapasa, ukagonga kifua changu, ukagonga kichwa, ukaupata mpini. Kamba ikakaza. Mpini ukashuka, springi ikaurudisha, ukashuka tena. Alivuta kwa saa nzima na zaidi. Nilisikia pumzi yake upande wa pili, mimi nisiye na pumzi, na taratibu jicho langu la kushoto likaona tena mabua ya paa.

Alipomaliza akasema, na yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu aniulize mimi nani, "Mimi sijui kama ni wewe. Lakini nimezoea kelele zako. Ukinyamaza, nyumba hii haikaliki."

"Habiba—"

"Usiniongeleshe. Niko eda."

Siku kumi na nane alivuta kamba ile, kiganja kikachubuka mpaka kamba ikawa nyekundu, na hakuongeza neno. Mimi nami kwa mara ya kwanza maishani nilinyamaza nilipoambiwa ninyamaze.

Vuli ikaanza kunyesha. Eda iliisha siku ya mvua. Alioga, akabadili nguo, akamwita Mwalimu Athumani na wazee, akaja kusimama mlangoni mwa jikoni. Komora alikuwepo, amerudi kutoka Garsen, mkono umekatwa kwenye kiwiko, lakini hai. Nilikuwa nimejiandaa kusema, haya, mke wangu, twende nyumbani.

"Nimemaliza," Habiba akasema. "Mume wangu nilimwosha, nimemkalia eda yake yote, sikupunguza siku. Simdai wala hanidai. Huyu hapa kama ananitaka, anipose."

"Nikupose?" nikasema. "Mke wangu mwenyewe?"

"Aliyenioa nimemzika. Wewe bado hujanioa."

Nilitaka kupiga ukuta. Niliiona mikono yangu imefunga ngumi, na niliuona mkono wa Komora ulioishia kwenye kiwiko. Nikavifungua vidole kimoja kimoja, kama nilivyofundishwa na mayai.

Mwalimu akauliza nani atasimama upande wangu, maana mposaji hasimami peke yake. Kisha Komora akajongea, akasimama kuliani kwangu, bila kunitazama.

"Ni ndugu yangu," akasema. "Mgomvi hivi ni yeye tu."

Niliposa, akakubali. Miaka sasa imepita. Wewe uliye kwenye benchi, nakuambia ukweli: mwili huu hauumi na hauponi. Mvua ikiupiga nasikia mlio tu. Habiba huenda kaburini kila Ijumaa, nami humfuata nikapalilia magugu, kwa sababu yule aliyelala pale alikuwa mume mwema kuliko nilivyodhani, nimesikia akiombewa mengi. Halafu tunarudi. Tundu la ukutani halijazibwa. Kila asubuhi anakaa karibu nami na kupiga mpini kwa mkono wake, na kiganja chake kina kovu la kamba, na mimi hulala pale siwezi hata kunyanyua kidole, nikimwangalia.